Kromu Haipakwi Vanishi

Kambi ya mgodi, Newman
9 Februari

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka huku kwenye joto na vumbi jekundu. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kidogo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, goti limepoa, na paka bado anakula kukuzidi.

Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu hupokei. Nikipiga asubuhi, kimya. Nikipiga jioni unainua, unasema, "Brenton, niko kazini," unakata. Kazini wapi, Mama? Una miaka sabini na sita.

Rhonda wa jirani ameniambia yote, na usimkasirikie. Anasema kutwa nzima uko kwenye banda la Baba, mlango umeufunga, harufu ya thina inafika mpaka jikoni kwake. Juzi alikuona juu ya ngazi unafungua feni ya ukutani. Juu ya ngazi! Mwaka haujaisha tangu tumzike Baba, na mimi sina nguvu ya kupanda ndege tena kwa safari ya namna ile.

Basi nimefanya jambo, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Nimekuandikisha kwenye nyumba ya wazee hapo hapo Loxton. Kuna chumba kitakuwa wazi kabla ya Krismasi. Kina dirisha la upande wa bustani, chakula wanapika wao, na muuguzi yupo saa zote. Paka nimemuulizia, wanamkubali. Nyumba tutaifunga, na banda nitakuja kulisafisha mimi mwenyewe.

Na lile gari dogo la mfano, la plastiki, ambalo Baba aliliacha nusu, mpe Mervyn Obst wa chama chao cha wajenga vigari amalizie. Mervyn ni fundi na alikuwa rafiki yake. Wewe hujawahi kushika bomba la kupulizia rangi maishani mwako.

Usinune. Nafanya haya kwa sababu nakupenda.

Mwanao,
Brenton

*

Loxton
20 Februari

Mwanangu Brenton,

Hujambo, baba? Mimi sijambo, goti langu halijambo, na paka hajambo kuliko sisi sote. Huo mgongo upake mafuta ya mikaratusi, na uache kulala chali kwenye godoro la kambi kama gunia la ngano.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize vizuri. Sitoki.

Unasema sijawahi kushika bomba la rangi. Ni kweli, nilikuwa sijawahi. Nimelishika mwezi wa Oktoba. Nikalitukana, nikalitupa kwenye ndoo, nikaliokota. Tangu hapo tunaelewana kiasi.

Unalijua gari lenyewe. Ni letu, lile jeupe la mwaka sitini na nne lenye mlango mpana wa nyuma, lililokupeleka kanisani ukabatizwe. Baba yako alilijenga upya, dogo kama kiatu cha mtoto. Akapaka mwili wake, akaweka viti, akakumbuka mpaka ule ufa wa dashibodi. Zikabaki sehemu za kung'aa tu: bampa mbili, grili ya meno ya pale mbele, vifuniko vya magurudumu, na duara za taa. Hizo huja na kromu ya kiwandani, lakini nene, chini yake unaona kovu la kalibu, na inameremeta kama karatasi ya chokoleti. Baba yako aliichubua yote kwa dawa ya kufulia, akazipanga zile plastiki uchi kwenye sahani yangu ya maua. Halafu akafa. Niliingia bandani kufagia, nikaikuta sahani. Unataka nimpe Mervyn Obst sahani yangu?

Kromu si rangi ya fedha, Brenton. Ya fedha hata kopo la kupakia geti linayo. Kromu ni kioo, na kioo hukipati mpaka kwanza upate weusi. Unapaka nyeusi ya kung'aa, unaiacha ikauke kabisa kabisa, unaisugua mpaka ujione kope. Ndipo unapuliza kromu juu yake, kidogo, kama mtu anayehema kwenye dirisha la baridi, na unaacha kabla roho yako haijaridhika. Ukiongeza ili uridhike, inageuka sufuria. Mimi nimeshatengeneza sufuria nyingi.

Na ikikauka haiguswi. Baba yako alikuwa akisema vidole ndivyo adui. Nilisahau siku moja, nikalikamata bampa kwa dole gumba, na dole likabaki pale na mistari yake yote kana kwamba nimepigwa chapa kituo cha polisi. Halifutiki lile. Nikachubua, nikaanza upya.

Sasa tupatane kama watu wazima. Maonyesho ya chama ni mwisho wa Agosti, ukumbini Berri. Nitalipeleka gari. Likikaa kwenye meza ya mashindano na jina langu juu ya kadi, likahukumiwa kama ya wengine, hunitajii tena hicho chumba mpaka naingia kaburini. Wakilikataa, nitakwenda kwenye nyumba yako ya wazee na masanduku yangu, na sitalalamika hata kuhusu chai yao.

Kubali, au nyamaza.

Mama yako

*

Newman
8 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi mgongo umepona, mafuta yako yamefanya kazi, ingawa chumba kizima sasa kinanuka msitu na jamaa ninayeishi naye chumba kimoja ananiita Dubu wa Mikaratusi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kisha nikaisoma kwa sauti kantini. Vijana wote wako upande wako. Mmoja ameniambia, "Mzee, huyo mama atakuzika wewe." Basi nimekubali. Jina lako kwenye kadi, meza ya mashindano, nami nafunga mdomo. Wasipokubali, unahamia kwa hiari na bila kunitupia maneno. Tumepeana mkono.

Lakini kama unataka kushinda, usishinde kijinga. Mimi napaka mitambo mwaka wa ishirini huu, vijiko vya kuchimbia vinavyozidi nyumba yetu. Weusi wako unaingia vumbi, sivyo? Na vumbi hulioni mpaka kromu ikae juu yake, ndipo unaliona lote. Mwagia maji sakafu ya banda kabla hujaanza. Vaa koti la mvua, siyo ile sweta ya sufu. Na huo weusi usiukaushe kwa jua. Unakumbuka ile mashine ya kukaushia aprikoti? Iwashe moto mdogo, uziweke humo sehemu zako, na uzisahau.

Nakuja Pasaka. Nina siku nne. Pika ile keki ya aprikoti kama mashine itakuwa na nafasi.

Mwanao,
Dubu

*

Loxton
9 Aprili

Brenton,

Sijambo. Sikuulizi hali yako.

Jumatatu ya Pasaka uliondoka mapema, mimi nikiwa bado kitandani, ukaacha kikombe chako kimeoshwa na kikaratasi: "Mama, nimekufanyia kazi kidogo bandani. Utaona." Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi kama msichana. Nilidhani umerekebisha feni.

Nimeona.

Zile bampa zilikuwa zimeiva, Brenton. Nilikuonyesha mwenyewe Jumamosi, ukaliinamia la nyuma, ukaona pua yako ndani yake, ukacheka. Weusi wa sakafu yenye maji, weusi wa mashine ya aprikoti, wewe ndiye uliyenifundisha. Nilipata kioo ambacho baba yako mwenyewe hakukipata, na sisemi hivyo kwa kumtukana, alikuwa na haraka ya mwili wa gari. Sasa ziko kwenye sahani yangu, za kijivu. Kijivu cha mlango wa friji. Grili, duara za taa, vifuniko vya magurudumu, vyote. Hukuacha hata kimoja. Kopo la vanishi ulilisahau juu ya benchi, ukalifunika vizuri na kifuniko chake.

Kila mtu anayeshika kromu anajua haipakwi vanishi. Ni jambo la kwanza linalosemwa. Mervyn analisema hata kwa watu wasiomuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Ulifanya makusudi? Ulitaka nishindwe ili chumba chako kisikae bure? Kama ndivyo, sema. Nimezaa mtu, sikuzaa mwizi wa mashindano.

Mama yako

*

Newman
22 Aprili

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini hujaumwa kwa hasira. Rhonda anasema unatembea na unafua, basi namshukuru Mungu.

Sikufanya makusudi. Naapa kwa kaburi la Baba. Nilijisikia vibaya kuondoka, nikaingia bandani alfajiri kukuagia kule kwa sababu sikutaka kukuamsha. Nikaziona zimekaa pale zinang'aa, nikazishika kwa kibano kama ulivyonionyesha, nikafikiri: Mama atazibeba mpaka Berri kwenye gari lake lisilo na springi, zitasuguana, zitapata vumbi, mtu atazigusa, naye Mama atalia. Huku mgodini hatuachi kitu bila vanishi. Usipopaka, jua linakula rangi kabla ya msimu kwisha. Mkono wangu haujui kumaliza kazi bila hiyo. Nilipaka vizuri, Mama. Kwenye giza lile la alfajiri zilikuwa bado na umaji, zinang'aa vilevile, nikaondoka nikipiga mluzi. Kumbe zilikufa zilipokauka.

Nimemuuliza fundi mmoja hapa anayejenga vigari. Aliposikia alishika kichwa na mikono miwili, akaniambia, "Bora ungemwibia."

Basi hesabu umeshinda. Tufute yale mapatano, nitaondoa jina lako kwenye orodha ya chumba. Usianze upya kwa ajili yangu. Baridi inakuja, na ile sakafu yenye maji itakuumiza kifua.

Nisamehe.
Mwanao

*

Loxton
3 Mei

Mwanangu,

Haya. Hujambo? Mimi sijambo. Kikohozi kidogo, na usianze.

Nimekuamini. Nilikuamini hata kabla ya kaburi la baba yako kuingizwa kwenye maneno, kwa sababu vanishi yenyewe uliipaka kwa upendo, haina hata tone moja lililochuruzika. Sijawahi kuona kitu kimeharibiwa vizuri hivyo.

Lakini ngoja nikuambie kitu, na nakiambia kwa sababu nilikaa na hizo bampa wiki nzima nikizitazama. Hicho ulichozifanyia ndicho unachotaka kunifanyia mimi. Unanipenda, unaogopa nitaguswa, nitakwaruzwa, nitaanguka kwenye ngazi, kwa hiyo unataka kunifunika. Na mimi nikifunikwa nitakuwa wa kijivu, Brenton. Nitakaa kwenye dirisha lenye bustani, sina mkwaruzo, na hakuna mtu atakayeona pua yake ndani yangu. Afadhali nianguke.

Huo ushindi wako wa bure sitaki. Jina langu liache kwenye hiyo orodha mpaka nilitoe mwenyewe. Tumepeana mkono, na mkono wa Kleinig haurudi nyuma.

Vanishi nimeichubua. Na kromu, na weusi, vyote, mpaka plastiki. Nilitumia spiriti na mswaki wa zamani wa baba yako. Nililia kidogo juu ya grili, yale meno ni membamba na mawili yalitaka kuvunjika. Kisha nikamwaga maji sakafuni.

Mervyn Obst alipita Jumapili baada ya ibada, akala keki ya aprikoti, ile unayoipenda. Akatazama kifuniko kimoja cha gurudumu nilichokwisha kupuliza, akasema, "Dada Verna, inang'aa mno. Gari la kweli halimetameti hivyo." Akanikera kwa sababu alisema kweli. Nilitoka nikaenda kwenye maegesho ya klabu ya bowling, kuna mzee mmoja ana gari la miaka ile. Nikainama mbele ya bampa lake mpaka akaja kuniuliza kama nimeangusha kitu. Unajua nilichokiona? Kromu ya kweli haina rangi yake. Juu inashika mbingu, chini inashika barabara, na katikati kuna mstari mweusi wa ukingo wa dunia. Na kwenye kila mfereji kuna uchafu. Basi sasa nikishapuliza, napitisha wino mweusi mwepesi kati ya meno ya grili kwa brashi ya unywele mmoja. Meno yamejitenga. Ghafla likawa na uso, gari letu. Nililisalimia.

Halafu Mervyn akaaga akiwa mlangoni, akasema, "Tutaliweka kwenye meza ya kumbukumbu ya mumeo Lance, na maua. Marehemu hashindani, unajua sheria." Nikamwambia, "Marehemu hashindani. Mimi je, nimekufa lini?" Akacheka, akadhani nimefanya mzaha.

Mama yako

*

Newman
17 Agosti

Mama mpendwa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Natumaini kimya chako ni cha kazi na si cha kifua. Rhonda anasema taa ya banda inawaka na kwamba umemkataza kukuongelea. Mimi ni mzima.

Nimeomba likizo ya maonyesho, wamenikatalia. Kuna mtambo umekwama na zamu yangu inaanza siku ile ile. Nimegombana na msimamizi bure.

Kuna jambo lazima nikuambie kabla hujalisikia ukumbini. Mervyn alinipigia simu. Alikuwa anakaribia kulia. Anasema chama kimepiga kura, gari litakaa kwenye meza ya kumbukumbu, wameandaa picha kubwa ya Baba akiwa na kofia, na kadi iliyoandikwa vizuri: Kazi ya Mwisho ya Lance Kleinig. Anasema watu wengi watatoka mbali kwa ajili yake. Akaniuliza kama familia ina neno.

Nilimwambia sawa.

Mama, kabla hujavunja kitu, nisikilize. Ni heshima ya Baba. Wewe kichwa chako kigumu, mimi nakijua na nakiheshimu, lakini utasimama mbele ya picha ya mumeo ugombane juu ya meza? Watu watasema nini? Liache lipite. Na yale mapatano yetu siyataji, wala huna haja ya kubeba sanduku lolote mwaka huu. Tutazungumza mwakani.

Nilitaka tu usiaibike.

Mwanao,
Brenton

*

Loxton
2 Septemba

Mwanangu Brenton,

Shikamoo yangu kwako nimeiandaa muda mrefu, kwa kuwa siku hizi wewe ndiwe mzee wa familia na unaisemea. Hujambo, mzee? Sisi wadogo hatujambo. Kikohozi kimekwisha. Paka amekamata ndege na kulala naye kwenye kiti cha baba yako.

Nilikukasirikia kuliko nilivyomkasirikia Mervyn. Mervyn ni mtu wa nje. Ila hasira yenyewe niliibeba mpaka Berri na nikaitumia huko, kwa hiyo iliyobaki ni kidogo, kaa utulie.

Gari walikuja kulichukua Ijumaa, nikawapa bila neno, kwenye sanduku lenye pamba. Jumamosi nikavaa ile nguo ya bluu, nikaendesha mwenyewe, nikaingia ukumbini. Watu walikuwa wengi, wanakunywa chai na keki za nazi. Meza ya mashindano katikati, magari kama mia, taa juu yake. Meza ya kumbukumbu kwenye kona, karibu na mlango wa choo. Usibishe, niliiona mwenyewe. Maua mazuri, picha ya Lance na kofia, na gari letu mbele yake. Nilisimama nikamtazama Lance. Nilimkumbuka sana, Brenton. Nilitaka kumwambia, tazama grili.

Mervyn akaja akanishika bega. "Dada Verna, hapa ndipo pa heshima."

Nikamwambia, "Heshima ya nani?"

"Ya Lance."

"Mwili wa gari ni wa Lance, na muutukuze mpaka mchoke. Kromu je? Iandikeni basi kuwa aliipuliza akiwa kaburini."

Akaanza ile sauti mnayoitumia kwetu, ya polepole. "Tunajua ulisaidia, Verna. Tunajua ulimalizia malizia. Na Brenton naye ameafiki."

Pale watu wameanza kutukaribia na vikombe vyao. Juu ya kila meza kuna lile tangazo, unalijua, baba yako ndiye aliyelichapisha: Usiguse. Anayegusa ni aliyetengeneza tu. Nikalisoma kwa sauti. Nikamuuliza, "Mervyn, hii sheria bado ipo?"

"Ipo, ndiyo."

"Basi liguse bampa la nyuma."

Akarudi nyuma hatua nzima. "Verna, kromu ile! Siwezi."

Nikamgeukia mweka hazina wao. "Wewe?" Akaficha mikono mfukoni. Nikauliza ukumbi mzima, kuna mwenye kazi hii hapa aje aiguse? Hakuna aliyetikisika.

Nikavua glavu. Nikalinyanyua gari, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mama, mama, usifanye hivyo!" Nikaweka dole gumba langu katikati ya bampa la nyuma, pale pale ulipoiona pua yako Pasaka, nikabonyeza. Kisha nikaliweka chini.

Ungesikia ile sauti, Brenton. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kama nimemchoma mtu. Mervyn alifumba macho. Na dole lilikuwa pale, kubwa kuliko tairi la gari, mistari yote, na lile kovu la kisu cha aprikoti nililolipata mwaka uliozaliwa wewe.

Nikasema, "Lance alikuwa na mkono mkubwa, na hakuwa na kovu. Sasa tafuteni hii ni kazi ya nani."

Jaji alikuwa mwanamke mmoja wa Mildura, mfupi, ana miwani ya kamba. Alijipenyeza mpaka mbele, akatoa kioo chake cha kukuzia, akalitazama bampa, akanitazama mkono. "Hili dole ni lako?"

"Langu."

"Na kromu?"

"Yangu. Na wino kwenye grili, na weusi ulio chini yake. Weusi nilifundishwa na mwanangu."

Akamgeukia Mervyn. "Huyu yuko hai. Kwa nini hashindani?" Mervyn maskini, si mtu mbaya. Akaenda mwenyewe kuchukua kadi mpya, akaandika: Mwili, Lance Kleinig. Kromu, Verna Kleinig. Akalibeba gari kwenye trei mpaka meza ya katikati, na watu wakampisha.

Kombe sikupata. Mtu wa Murray Bridge amelishinda kwa lori lake la mfano. Mimi nimekatwa pointi kwa ajili ya bampa, na jaji ameandika kwenye karatasi yangu: "Grili bora ya ukumbi huu. Bampa la nyuma limeguswa na fundi." Nimeibandika mlangoni mwa friji.

Mervyn amekuja jana na maua yaliyobaki. Ameomba msamaha, akasema kwa upole kwamba bampa linaweza kuchubuliwa na kupulizwa upya kabla ya maonyesho ya Adelaide, na yuko tayari kunisaidia. Nimemwambia hapana. Gari litakwenda Adelaide na dole langu. Nilikaa na baba yako miaka yote ile, nikamfulia koti lake la rangi, na katika kila gari alilowahi kulijenga hakuna mahali panaponionyesha. Hapa papo.

Sasa ya kwetu. Gari limekaa kwenye meza ya mashindano na jina langu kwenye kadi. Nenda kaniondoe kwenye hiyo orodha, na uwaambie wampe chumba mtu anayekitaka, wako wengi na sina neno nao. Ngazi nitaendelea kuipanda. Nikianguka, nitaanguka nyumbani kwangu, na hilo utalivumilia kama mimi ninavyouvumilia mgodi wako.

Njoo Krismasi. Nimeanza gari jingine, na weusi wangu bado haufikii wako, nimejaribu nimechoka. Nimesogeza benchi, pana nafasi ya viti viwili. Njoo na mikono yako. Vanishi iache huko huko.

Mama yako,
Verna Kleinig, fundi